Swichi Nyuma ya Mlango

Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi alinipigia simu akaniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ya kupaka rangi. Alitaka mambo ya brashi, rola na msasa. Nilimkubalia, lakini msitarajie nikae kwenye brashi muda mrefu. Tangu nistaafu siwezi kukaa na jambo moja. Naandika mstari, nasimama, nazunguka ua, nakwaruza kutu ya geti ambayo hakuna aliyeniomba niikwaruze, kisha narudi mezani. Mke wangu anasema nimekalia siafu.

Naitwa Righa. Kwetu ni Wusi, milimani, lakini miaka thelathini na mitano ya kazi nimeimalizia Voi, kwenye joto na vumbi. Nimepaka nyumba za kupanga, maduka, madarasa, makanisa mawili na msikiti mmoja. Ukitembea mji huu na mimi utachoka, kwa sababu kila baada ya hatua kumi nitakusimamisha nikuonyeshe ukuta.

Aliyenifundisha ni Fundi Athmani, Mungu amrehemu. Watu wake walitoka pwani zamani wakafungua duka la vitambaa hapa, lakini yeye duka lilimshinda. Alikuwa anavaa kofia nyeupe iliyojaa matone ya rangi ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Siku yangu ya kwanza nilifika na brashi mpya, nimeifunga kwenye karatasi kama zawadi. Aliichukua, akaiweka juu ya kabati, akaniambia nisimame katikati ya chumba kitupu nifumbe macho.

"Ukuta wasema, mwanangu," alisema. "Usiukurupukie. Kwanza unuse, kisha uuguse, ndipo uupake."

Nilifikiri mzee ameanza kuchoka akili. Lakini alikuwa na pua ya ajabu. Aliweza kuingia nyumba akasema paa linavuja kona ile, hapa walipikia mafuta ya taa ndani, kule walilaza mbuzi. Siku moja aliinua kidevu akasema juu ya dari kuna paka aliyezaa. Nilicheka sana. Nikapanda ngazi kumthibitishia kwamba hakuna kitu, na alama za kucha za yule paka nilikaa nazo usoni wiki mbili.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanyia Wundanyi, kwenye shule moja ya msingi, msimu wa mvua. Mnajua ukungu wa kule, unaingia darasani bila kubisha hodi. Athmani alikuwa ameniachia ofisi ya mwalimu mkuu niimalize mwenyewe. Ukuta ulikuwa na unyevu, niliugusa nikajua, lakini nilitaka kuwahi Ijumaa nishuke Voi. Nikapiga rangi ya mafuta juu yake. Jumatatu rangi ilikuwa imefura mapovu makubwa kama chapati kwenye tawa. Mwalimu mkuu alizungumza nami kwa upole kabisa, huku akiyatoboa moja moja kwa kalamu. Athmani hakunigombeza. Alinipa skrepa, akajilaza kwenye benchi, akaniambia ukuta mgonjwa haupakwi, ukiupaka umeuficha tu. Nilikwaruza siku tatu.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Sisi tulianza na chokaa na chumvi kwenye pipa, siku hizi mashine inachanganya rangi mbele ya macho yako. Sisi barakoa yetu ilikuwa leso ya kichwa, na kifua changu leo kinanidai kwa hiyo leso. Nyinyi nunueni barakoa ya kweli, ile yenye vichujio pande mbili. Kitambaa huzuia vumbi, hakizuii mvuke. Hilo ndilo somo la brashi. Sasa niwaambie kilichonileta.

Dada yangu Mkawasi ana mtoto mmoja wa kiume, Nyambu. Kwetu Wadawida, yaani Wataita, mjomba si mtu wa kuletwa kwenye picha za harusi tu. Neno lake lina uzito, na hasira yake ina uzito zaidi. Wazee wetu waliamini kwamba ndugu wa karibu akiweka hasira moyoni akaifunika, hata kama hajatamka laana yoyote, hiyo hasira yenyewe inaweza kumfuata mtu ikamharibia afya na riziki. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilikuwa nikiyasikia hayo nageuza uso.

Nyambu alikuja kufanya kazi nami akiwa na miaka ishirini na miwili. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na nasema hivyo bila wivu. Alikuwa anavuta mstari wa dari kwa brashi, bila tepu, ukanyooka. Alianza na muguka, yale majani ya kutafuna, kama nusu ya mafundi wa mji huu, shavu limejaa tangu saa nne asubuhi. Baada ya mwaka wa tatu hivi shavu lilirudi mahali pake, nami nikamshukuru Mungu nikidhani ameacha. Hakuwa ameacha. Alikuwa amepanda ngazi, kwenda kwenye methi, ile dawa ya kulevya inayopikwa kwa kemikali.

Hapo ndipo kasi ilipoanza. Alipaka nyumba ya vyumba vitatu peke yake kwa siku moja na nusu. Chakula cha mchana alikuwa anakisukuma pembeni. Alikonda, lakini nani hakondi kwa kazi ya jua la Voi? Nikimuuliza kama halali, alijibu, "Mjomba, mwili uko na chaji. Si unaona kazi inasonga?" Nami niliona inasonga. Nilimsifu mbele ya wenzake, nikawaambia waige. Nikamwongezea kazi. Vijana, nataka mlielewe hili vizuri: dalili ya kwanza ya methi niliyoiona kwa macho yangu niliipigia makofi.

Kisha ikaja ile nyumba. Ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili, mwisho wa mtaa ambapo nyumba zinapungua na michongoma inaanza. Mwenye nyumba alisema wapangaji wake wawili wameondoka ghafla, naye amepata familia inayotaka kuingia mwisho wa mwezi. Alitaka rangi ya krimu, koti mbili, haraka.

Tulifika asubuhi mimi na Nyambu. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi za fedha, zile za kufungia chakula. Ndani kulikuwa giza. Harufu ilinipiga kabla sijavuka kizingiti, kitu kama mkojo wa paka uliochanganyika na plastiki iliyoungua, na koo likaanza kuwasha papo hapo. Nilikuwa bado mlangoni natafuta tochi. Nyambu alinipita, akapeleka mkono nyuma ya mlango bila kutazama, akawasha taa.

Swichi ile ilikuwa imewekwa mahali pa kipumbavu. Fundi wa umeme aliifunga nyuma ya mlango, chini, karibu na kiuno, ambapo mgeni yeyote angeipapasa dakika nzima. Na Nyambu, kwa maneno yake mwenyewe njiani, hakuwahi kufika mtaa ule.

Niliona. Nilimtazama, naye akanitazama, kisha nikainama nikafungua ndoo ya rangi.

Taa ilipowaka niliona mengine. Kuta zilikuwa na madoa ya manjano na mekundu yaliyoshuka kutoka juu. Bawaba za madirisha zilikuwa zimeliwa na kutu, na huu ni mji mkavu, hatuna chumvi ya bahari. Karo la jikoni lilikuwa limechimbika. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiduara ambapo hata magugu yalikufa. Pua ya Athmani ingetoka mbio. Yangu nayo iliniambia toka, na mimi nikaifunga kwa leso. Nilipiga andakoti ya mafuta, ile rangi ya chini, nikapiga krimu koti mbili, nikaenda nyumbani na kichwa kinachopasuka, nikameza dawa ya maumivu.

Mkikuta chumba kilichopikiwa methi namna hiyo, na mtakikuta, fanyeni ambacho mimi sikufanya. Tokeni. Msiwashe taa wala kiberiti, maana mvuke wa vitu walivyopikia unaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu. Msiguse chupa wala mirija iliyoachwa. Msijifanye wapelelezi. Simameni mbali, upande upepo unakotoka, mpige simu polisi na watu wa afya ya umma. Mwenye nyumba akikasirika, akasirike. Hiyo sumu huingia ndani ya plasta, na rangi haiitoi.

Familia iliingia, mama mdogo na mumewe na mtoto aliyekuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Baada ya wiki tano yule mama alinitafuta. Doa lilikuwa limerudi juu ya krimu yangu, na mtoto alikuwa anakohoa usiku na mchana, macho yanatoka maji, viganja vimejaa vipele. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikaona vidole vidogo vimeuchafua kote, kwa urefu wa goti langu. Nilimwambia ukweli nusu, kwamba nyumba ina kemikali, wahame siku hiyo hiyo wampeleke mtoto hospitali. Walihama. Mtoto alipona, namshukuru Mungu kila nikimkumbuka. Watu wa afya walikuja, plasta yote ikabomolewa. Kuhusu swichi sikusema neno kwa mtu yeyote.

Ningesema siku ile, labda ningeokoa mwaka mzima. Badala yake nilimchukua Nyambu tukaenda kupaka darasa Wundanyi, nikijidanganya kwamba baridi ya juu itamtuliza. Nilimpa msasa apige ukuta mmoja. Nilirudi baada ya saa mbili nikamkuta yuko pale pale alipoanzia, sehemu ndogo kama sinia. Alikuwa amemaliza rangi, amemaliza plasta, yuko kwenye tofali, na vidole vyake vinatoka damu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyuma ya ukuta kuna watu wanaongea juu yake na anakaribia kuwafikia. Meno ya mbele yalikuwa yameanza kumeguka. Alikuwa na miaka ishirini na saba na uso wa mtu wa hamsini.

Nilimshusha hadi Voi. Asubuhi yake hakuwepo, na kompresa yangu ya kupulizia rangi haikuwepo. Ile mashine niliipenda, nakiri. Nilipanda hadi Wusi nikiwa nachemka, nikamkuta Mkawasi anapalilia maharagwe, nikamwambia pale pale shambani kwamba mwanawe asikanyage kwangu tena, na kwamba kwangu mimi amekwisha. Dada yangu aliweka jembe chini, akakaa kwenye udongo.

Miezi minne hatukujua alipo. Kisha habari zikaja kutoka upande wa Ndara. Yeye na mwenzake walikuwa wanajipikia methi wenyewe kwenye kibanda, pembeni ya ardhi ya ranchi. Kitu kililipuka. Wachungaji waliokuwa wanapeleka ng'ombe majini waliona moto, wakawatoa, wakawazima kwa mchanga, wakawabeba kwa pikipiki mmoja mmoja. Mwenzake amepoteza macho yote mawili. Nyambu aliungua mkono wa kulia na shingo. Mkono wa brashi.

Sikwenda hospitali. Niwaambie tu wazi, kwa sababu nimechoka kujipamba. Nilikuwa mzee wa kanisa, naomba kila Jumapili kwa ajili ya wagonjwa, na mtoto wa dada yangu amelala umbali wa kutembea kwa miguu, nami sikwenda. Nilijiambia ni kwa sababu ya kompresa.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mkawasi. Vidonda vilipotulia, daktari alimpeleka kliniki ya afya ya akili, kwa sababu zile sauti bado zilikuwepo. Huko alikuwepo mshauri mmoja, mama wa Kikamba mwenye sauti ya chini, na huyo ndiye aliyemshika. Alimweleza dada yangu mambo bila kuyapaka sukari. Methi haina kidonge cha kuikata kama kile cha malaria. Dawa za kutuliza sauti zipo, lakini hamu yenyewe huondolewa pole pole, kwa mazungumzo, kwa ratiba, kwa chakula, kwa usingizi na kwa watu. Wiki ya kwanza atalala na kula tu, na familia itafurahi. Baada ya hapo ndipo pa kuogopa, maana moyo huanguka, na mtu anaweza kutaka kujitoa uhai, kwa hiyo asiachwe peke yake. Na ilikuwa hivyo hasa. Siku ya kumi Nyambu alimwambia mama yake kwamba hajui kwa nini wachungaji walijisumbua. Mkawasi alilala chini kando ya kitanda chake mpaka ile hali ikapungua.

Alikaa kwenye kituo cha kurekebishia tabia miezi mitatu. Alipokaribia kutoka, mshauri aliuliza atarudi kwa nani. Kurudi rangi haiwezekani, alisema, kwa sababu harufu ya thina ya kuchanganyia rangi peke yake inamwamshia hamu. Arudi Wusi kwa mama yake, alime. Nyambu alikataa. Alisema hawezi kukaa milimani ikiwa mjomba bado amemfunga moyoni, usingizi hautakuja.

Kwa hiyo Mkawasi alishuka Voi akaja kwangu. Hakunisalimu. Alisema anataka nifanye kutasa.

Kwa wasiotoka kwetu, kutasa ni desturi ya zamani. Mwenye hasira huchukua kinywaji mdomoni, hukipuliza nje kama umande, na huku anaitaja hasira yake kwa sauti, anaitoa, kisha anamtakia heri aliyemkosea. Lazima aseme kweli, maana akificha hata kidogo haina kazi. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Nilimwambia dada yangu mimi ni mzee wa kanisa, tena pombe mbele ya mtu anayetoka kwenye madawa ni wazimu. Alisema maji yanatosha, hata wazee walitumia maji. Nikasema nitafikiria. Akasema, "Righa, wewe fikiria. Mimi namzika mtoto huku ukifikiria."

Nilimtafuta yule mshauri kwa siri, nikitumaini kwamba mtu wa hospitali atalikataa jambo hilo, nipate pa kujifichia. Alinisikiliza akasema kutasa si matibabu na Nyambu ataendelea na kliniki yake kila wiki, hilo asilichezee mtu. Lakini kama hasira iliyoko nyumbani ndiyo inayomzuia kurudi, basi niitoe kwa njia ninayoijua, na niitoe mapema. Sikuwa na pengine pa kukimbilia.

Tulikutana Wusi asubuhi, uani kwa Mkawasi, watatu tu. Nyambu alikuwa amenenepa kidogo. Shingo ilikuwa na ngozi mpya ya waridi. Alisimama akitazama viatu vyangu. Nilichukua kata ya maji, nikajaza mdomo, nikapuliza. Nikasema nilikasirika kwa ajili ya kompresa, naitoa. Nikapuliza tena. Nikasema nilikasirika kwa aibu aliyotuletea mjini, naitoa. Nilikuwa nimejiandaa na hayo mawili. Nikageuka niweke kata chini.

"Sema yote," dada yangu alisema.

Nilisema nimemaliza. Alirudia, sema yote. Sijui alijuaje. Nilijaza mdomo mara ya tatu na maji yakanishinda, nikayameza, nikakohoa kama mtoto. Kisha ikatoka.

"Nimejikasirikia mimi," nilisema. "Siku ile, kwenye ile nyumba, uliwasha swichi bila kuitafuta. Niliona. Nilijua, na nikafungua ndoo ya rangi."

Nyambu aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Nilijua umeniona, Mjomba," alisema. "Niliwasha makusudi. Nilikuwa nangoja useme."

Sijawahi kupigwa neno kama hilo. Nilikaa chini kwenye udongo. Mkawasi alichukua kata, akajaza mdomo, akatupulizia sote wawili, mimi na mtoto wake, akasema maneno ya heri ambayo mama yetu alikuwa akiyasema, na nilikuwa nimeyasahau.

Msifikiri hapo ndipo hadithi inaishia na watu wanakula pilau. Methi haijui kutasa. Nyambu alipanda kabichi, alienda kliniki kila Jumatano, alinipigia simu kila siku saa nne kuniambia amekula nini. Mambo ya kijinga, ugali na sukuma, chai na viazi vitamu. Mshauri ndiye aliyetupangia hivyo, niulize chakula na usingizi kabla ya kitu kingine. Saa nne ikipita na dakika tano naanza kuzunguka ua. Mpaka leo.

Mwezi wa tisa alishuka Voi kuuza kabichi. Kesho yake saa nne simu haikulia. Nilikuwa juu ya ngazi, napaka ukuta mrefu wa ukumbi wa mtu, rangi ya kijani hafifu. Sasa hili nalo ni somo la kazi, lisikieni. Ukuta huanzwa kona na humalizwa kona. Kwa joto letu, ukiuacha katikati rangi inakauka, na ukija kuendelea unabaki mstari ambao hata mtoto atauona. Katika miaka yote sijawahi kuacha ukuta katikati, si kwa mvua, si kwa msiba. Saa tano na robo simu ililia. Nilijua kwa pumzi kabla hajasema.

"Mjomba, nimeteleza," alisema. "Jana. Mara moja. Nimekuambia sasa."

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na yote yalikuwa ya yule Righa wa shamba la maharagwe. Nikauliza yuko wapi. Nikashuka ngazi.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, karibu na stendi, mikono imebanwa katikati ya magoti, na magunia matupu ya kabichi miguuni. Taya lilikuwa linacheza. Nilimuuliza kama amekula. Akatikisa kichwa. Nilimnunulia chai na mandazi mawili, akala moja na nusu, nami nikakaa pale nikihesabu kila tonge kana kwamba ni langu. Mshauri wake alikuwa ametuambia mapema kwamba kuteleza kunaweza kutokea, kwamba si mwisho, na kwamba kilicho muhimu ni muda kati ya kuteleza na kusema. Yeye alisema kabla ya siku kupita. Mimi zamani nilichukua mwaka na zaidi.

Alitazama rangi mbichi kwenye vidole vyangu, kisha akarudi nyuma kidogo kwa ajili ya harufu.

"Umemaliza kazi, Mjomba?"

Nikamwambia bado.

"Nenda umalize. Nitangoja hapa."

Nikamwambia hapana. Nilijipangusa mikono kwa suruali, nikachukua magunia yake, tukaanza kutembea kwenda kliniki, yeye upande ule ambao upepo haumletei harufu ya rangi. Mwenye ukumbi alinipigia simu mara sita siku hiyo. Sikurudi, si siku hiyo wala kesho yake, na baadaye nikamrudishia ngazi na funguo. Leo asubuhi Nyambu amekula viazi na chai. Kesho sijui. Mkiambiwa na watu wa Voi kwamba Fundi Righa alistaafu na ukuta nusu, waambieni ni kweli.